Amplifaya ya Mjomba na Sauti ya Mama

Nakumbuka Jumatano moja, mwanangu, nilipomnyamazisha mama yangu mbele ya kwaya nzima, na nia yangu ilikuwa kumsaidia.

Mjomba Mkumbo alikuwa fundi redio pale Shelui, karibu na malori yanapolala. Kwa vipuri vya redio kuukuu aliunda amplifaya ya gitaa, ya zile taa za kioo zinazowaka wekundu ndani. Ilikuwa na tundu moja tu, la gitaa. Mpiga gitaa nilikuwa mimi, tena kwa maringo, sikufichi.

Mwaka huo kifua kilimpunguzia mama sauti. Wenzake kwenye kwaya walishaanza kumwambia apumzike, na mapumziko ya namna hiyo hayana kurudi. Sikukuu ya mavuno kanisani ilikuwa Jumapili. Nikaapa ataimba. Nikamwomba mjomba niongeze njia ya pili, ya maikrofoni, na mwangwi, ili sauti yake iwafikie hata waliokaa nje. Akakubali, ila akasema, "Polepole." Nani aliisikia hiyo polepole? Nilifungua kila kitu siku moja. Taa mpya, waya mpya, na springi mbili za pazia nikazikaza ndani ya kopo zitoe mwangwi. Kopo nikalibana popote palipokuwa na nafasi.

Mazoezini jenereta likawashwa. Mama akafungua kinywa, na amplifaya ikanguruma kama lori linalopanda mlima Sekenke. Alijaribu beti mbili. Kisha akaiweka maikrofoni mezani taratibu, akasema, "Basi, baba. Walisema kweli. Nitakaa." Sijawahi kuona aibu kama ile.

Nikamkimbilia mjomba. "Shikamoo mjomba. Imekataa, njoo uione."

Hakuinuka. "Marahaba. Wewe mtoto wa wafugaji, ng'ombe wageni watatu unawaingiza zizini siku moja? Wakipigana utajua nani kaanza? Watoe wote. Ingiza mmoja, msikilize, ndipo umlete mwingine. Mkono wangu hauingii humo."

Niliudhika, tena sana. Lakini mwenye kosa nilikuwa mimi, na mchuma janga hula na wa kwao. Janga langu alikuwa amelila mama. Alhamisi nikairudisha amplifaya ilivyokuwa. (Ukifungua kitu kama hicho, kumbuka umeme hubaki ndani hata ukichomoa. Mjomba alinifundisha kuumaliza kwanza, ndiyo maana vidole bado ninavyo.) Ijumaa nikaweka njia ya maikrofoni peke yake. Ikatulia, safi. Jumamosi asubuhi nikaunganisha kopo la springi, na ngurumo ikarudi. Safari hii mkorofi nilimjua. Nikalishika kopo mkononi, nikalisogeza mbali na transfoma, pale umeme unapoingilia, na kadiri lilivyosogea ngurumo ikapungua. Nikalifunga upande wa pili kabisa. Nililia, mwanangu, bisibisi ikiwa mkononi.

Jumapili mama hakutaka kwenda mbele. Nikampelekea maikrofoni kwenye benchi lake.

"Umeijaribu?" akauliza.

"Kimoja kimoja, mama."

Akaanza kuimba akiwa amekaa. Ubeti wa pili akasimama mwenyewe, na waliokuwa nje wakasogea madirishani. Hakuna aliyemwambia tena apumzike, hadi Mungu alipomwita.

Sasa nimekuona umeifungua amplifaya ileile, unataka kuiongezea njia ya tatu. Ongeza, sikukatazi. Kinachoogopa bisibisi huishia kuwa kiota cha kuku. Ila nyumba yako, kazi yako, hata ndoa yako, uvitendee hivyo hivyo: ongeza kimoja, kisikilize, ndipo ulete kingine. Na kikinguruma usilaumu vyote, wala usikimbilie mtu aje akutafutie kosa lako. Rudi ulipoanzia, ujifunge kibwebwe, uanze tena.

Mungu akupe mikono mitulivu, na masikio ya kulisikia kosa lingali dogo. Na yeyote utakayempelekea maikrofoni, aisikie kazi yako, asimame.