Spika Iliyogeuka Fahali

Bei ya mafuta ilipoanguka huko duniani, nilidhani hainihusu. Sikuwa mchimba mafuta. Nilikuwa na spika mbili kubwa, mashine ya kuchanganyia sauti, maiki isiyo na waya na jenereta iliyokohoa sana kabla ya kukubali kuwaka. Vyote hivyo nilivitoa Eldoret mpaka Juba kwa lori, baada ya kusikia kwamba amani imetiwa sahihi na watu wanaoana kila Jumamosi. Na kweli walikuwa wanaoana. Miaka ya mwanzo nilikuwa nakataa kazi, tena kwa maringo.

Kumbe serikali nayo ilikuwa inakula mafuta hayo hayo. Mishahara ikaanza kuchelewa, na mishahara ikichelewa Juba, mtu wa kwanza kusahauliwa ni DJ. Mchungaji hasahauliki. Mpishi anabembelezwa. Hata mwenye viti vya plastiki anapigiwa simu mapema. DJ anaambiwa, "Usijali, tutatumia redio ya gari."

Redio ya gari! Mpaka leo nikiyakumbuka maneno hayo kichwa kinaniuma.

Nilijaribu kila kitu. Nilipiga muziki kwenye ufunguzi wa duka mtaani Mangateen ambalo bidhaa zake zote zilikuwa sabuni na betri, na mwenye duka akaniomba nipunguze sauti ili wateja wasikie bei. Nilipiga kanisani, wakanitaka nitoe besi kwa sababu ilikuwa inawaamsha waumini upande wa kiunoni. Mama mmoja mwenye shamba la mtama kando ya mto alinikodi nimfukuzie ndege. Ndege walisikiliza wimbo wa kwanza, wakaupenda, wakaenda kuita wenzao.

Jirani yangu, Mganda mwenye pikapu iliyokuwa ikibeba vyombo vyangu, aliacha hata kunipungia mkono.

"Wewe iko na makelele mingi, kazi hakuna," aliniambia. "Uza hii makabati, rudi kwenu."

Aliziita spika zangu makabati. Nilimnunia wiki nzima, lakini nilijua amesema kweli. Karibu na uwanja wa ndege kulikuwa na mwenye baa aliyezitaka, zote mbili kwa pamoja, na nilikuwa nimemwambia nitampa jibu. Jibu lilikuwa ndiyo. Ilibaki harusi moja tu kwenye kalenda yangu, na ikipita hiyo, au isipokuwepo, nilikuwa narudi Eldoret.

Tena niseme ukweli, haikuwa njaa ya kazi tu iliyonichosha. DJ anahudhuria harusi zote na hana undugu na mtu hata mmoja. Wakwe wanakaa kwenye mikeka yao, chakula kinafunuliwa, watu wanalishana, na yeye yuko nyuma ya jenereta akingoja akumbukwe. Akikumbukwa, ni shingo ya kuku na ukoko wa wali. Nimekula shingo za kuku za Juba nzima. Sijui nani alikuwa anakula mapaja, na niliwachukia bila kuwajua.

Basi bwana harusi wangu wa mwisho akaja. Alikuwa karani wa wizara, kijana aliyekulia Kenya ukimbizini, na Kiswahili chake kilikuwa cha mtaani kuliko changu.

"Buda, kuna shida kidogo," alisema. "Mazungumzo ya mahari yamekwama. Kila mtu anaongea, hakuna anayesikia. Wazee wangu wanataka ukuje na maiki."

"Maiki kwenye mahari?"

"Mwenye maiki ndiye anaongea. Wengine wananyamaza. Ukikataa hakuna harusi, na bila harusi wewe ni nani?"

Swali hilo la mwisho liliniudhi, kwa hiyo nikakubali.

Upande wake ulikuwa umepungukiwa fahali mmoja. Wajomba waliotegemewa kuchangia wote walikuwa watu wa serikali, wenye suti nzuri na mifuko mitupu. Mkono mtupu haulambwi, na upande wa binti ulikuwa umekataa katakata kulamba.

Tulikutana mtaa wa Lemon Gaba asubuhi ya Jumamosi, chini ya turubai, pande mbili zikitazamana. Nilitandaza vyombo vyangu upande wa bwana harusi kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na kivuli. Mjomba wa binti alianza. Alikuwa na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, na ndani ya maiki ilitisha watoto. Alimsifu binti, akamdai fahali, akamsifu tena, akaanza kukumbuka mbuzi ambao hawakuwa wametajwa. Kisha mzee wa upande wetu akapokea maiki. Masikini, alikuwa na sauti ya mbu.

Naona nimeshasema "upande wetu." Ndivyo mambo yalivyoanza kuharibika.

Kazi ya DJ ni kusawazisha sauti. Huyu amezidi, unampunguza; yule amepungua, unamwongeza. Nilimpunguza mjomba kidogo, halafu kidogo tena. Mzee wetu nilimtilia besi, na mwangwi kwa mbali. Aliposema, "Tunaomba mtuvumilie," ikaitika vumilie, vumilie, vumilie mpaka kwa majirani. Alishtuka mwenyewe. Akakaa wima, akaanza kuyapenda maneno yake. Mjomba alipopewa zamu akaitikisa maiki, akaipuliza, akachungulia ndani yake.

"Ni betri," nilimwambia kwa huruma.

Wazee wa upande wa binti wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mbuzi waliokumbukwa wakasahauliwa. Hata yule fahali alianza kuzungumzwa kama mtu anayeweza kuja mwakani. Nilijiona bingwa.

Lakini palikuwa na shangazi wa binti, kikongwe ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka. Kwa sababu hiyo alikuwa ameweka kigoda chake karibu kabisa na spika yangu ya kushoto, na asubuhi nzima kiganja chake kilikuwa juu yake. Nilidhani anajishikiza tu. Ghafla akanyanyua ule mkono.

"Khalas!" alisema, yaani basi, imetosha, na hakuhitaji maiki. Akaendelea kwa Kiarabu cha Juba, polepole, ili hata mimi nielewe. "Mtu wetu akiongea, sanduku hili linalala. Wale wakiongea, linatetemeka. Kwa nini sanduku linawapenda wale?"

Watu wote wakalitazama sanduku. Halafu wakanitazama mimi. Za mwizi ni arobaini, lakini zangu hazikufika hata chakula cha mchana.

Mjomba alitaka nitupwe nje na vyombo vyangu. Mzee wetu, kwa kuogopa faini ya kuwakosea wakwe, akanikana mbele ya watu. "Huyu si mtu wetu," alisema, na besi yangu bado imo ndani ya maiki. "Ni DJ tu wa kukodi." Ikaitika kukodi, kukodi, kukodi. Iliniuma, tena sana.

"Leo mmemkodi kwa ngapi?" shangazi akauliza.

Hakuna aliyekuwa amefikiria kunilipa, wala mimi sikukumbuka kudai.

"Mtu anayewadanganyia wakwe bure, huyo si wa kukodi," alisema. "Huyo ni ndugu. Na ndugu akikosea, analipa kama ndugu." Akaipiga spika yangu kofi la mgongoni. "Mmepungukiwa fahali. Fahali huyu hapa. Ananguruma, hali majani, na mwizi hawezi kumswaga usiku."

Upande wa binti ulicheka mpaka turubai likayumba, halafu ukapiga makofi. Mjomba mwenyewe akaja kuipapasa kama mtu anayekagua nundu. Mimi nilitazama spika niliyoivusha mipaka miwili nikiwa nimeilalia juu ya lori, nikataka kulia. Bwana harusi alinitazama kwa macho ya ndama.

"Buda," alisema tu.

"Chukueni!" nikasema, kwa hasira, kama mtu anayefukuza kuku. Wao waliisikia kama ukarimu. Wanawake wakapiga vigelegele na mahari ikawa imekamilika.

Mwenye baa aliponiona na spika moja alinirudisha mlangoni. "Nani ananunua kiatu kimoja?" aliniuliza. Na harusi ilipokaribia, ilibidi niende kwa shangazi kumwomba fahali wake kwa siku moja. Alikubali, kwa sharti kwamba arudi bila mchubuko. Siku yenyewe alimleta kwa toroli, amefungwa kamba ya katani, na yeye akitembea nyuma na kijiti mkononi. Mganda wa pikapu alicheka mpaka akashikilia mlango wa gari. "Kabati imeoa!" alisema. "Wewe bado!"

Nilifunga nyaya, nikaweka wimbo mrefu, nikaenda kukaa nyuma ya jenereta kungoja shingo yangu. Chakula kiliwekwa kwenye mkeka wa upande wa bwana harusi, kimefunikwa. Nikangoja. Hakuna aliyekula. Nikadhani sala imerefuka. Mara nikamwona shangazi anazunguka jenereta, amekunja uso.

"Chakula kinapoa," alisema. "Hakifunuliwi mpaka ndugu wote wa bwana harusi wakae, na amepungua mmoja."

Niligeuka nyuma kuangalia ni nani.

"Haboba, nani atabadilisha wimbo?" nilimuuliza nilipoelewa. Neno hilo kwao ni bibi.

"Utaisha," alisema. "Njoo."

Kwenye mkeka, yule mzee wa sauti ya mbu alikuwa anajisogeza, anapapasa nafasi kando yake. Wimbo uliisha nikiwa nanawa mikono. Harusi nzima ikawa kimya, na hakuna hata mtu mmoja aliyegeuka kumtafuta DJ. Wakafunua sufuria. Mimi nikapewa paja.