Mafuta ya Mbarika kwa Kila Nyumba

Juzi alikuja kijana wa halmashauri ya kijiji, viatu vimejaa vumbi. Akaniamkia vizuri, akaniambia kuwa mtambo wa upepo utakaosimamishwa kilimani utatuletea umeme, taa moja kwa kila kaya. "Shikamoo Bibi. Hapa mna kaya ngapi?" Nilicheka mpaka akadhani nimechanganyikiwa. Neno hilo la kaya, mwenzangu, nililisikia likibishaniwa nikiwa msichana mdogo, enzi za Mjerumani, wakati wa vita.

Tuliishi kwenye tembe kubwa la udongo, paa bapa, bila dirisha hata moja. Lango lilikuwa moja, lakini ndani kila mke alikuwa na nyumba yake: chumba chake, jiko lake, jiwe lake la kusagia uwele. Hata jua likiwa utosini, mle ndani kulikuwa giza totoro. Ndama wachanga walishinda humo pamoja nasi, nami niliwajua kwa harufu zao. Reli ilipofika tulianza kununua mafuta ya taa kwenye duka la stesheni, tukajiona wajanja. Vita vilipoanza mafuta yakaadimika, tukarudi kupapasa.

Mama alikuwa mjamzito. Mtoto aliyemtangulia huyu alizaliwa kitovu kimemkaza shingoni, na Bibi, ambaye ndiye aliyekuwa mkunga, hakukiona kwa wakati katika giza lile; mtoto hakuishi. Bibi hakulia mbele yetu. Ila tangu siku ile, akisonga ugali au akichuma mlenda, alikuwa akisema peke yake: "Huyu mwingine nitamwona."

Kando ya korongo palikuwa na mbarika tele, mmea usiojali ukame; ukiukata unachipua tena. Baraza la wazee likaamua kijiji kizima kichume mbegu, mafuta ya kuwashia yakamuliwe pamoja na kugawiwa. Kazi yetu watoto ilikuwa kupukuchua. Kina mama walizikaanga, wakazitwanga, wakazichemsha mpaka mafuta yakaelea, na harufu ile nzito ilituganda kwenye nywele. Nilifurahi ajabu. Kisha baraza likagawa: kibuyu kimoja kwa kila kaya. Kaya yetu ilikuwa na nyumba nne: za wake watatu wa Babu, Bibi akiwa mdogo wao, na ya Mama. Kibuyu kikaishia kwa mke mkubwa.

Bibi akajifunga kaniki, akaenda barazani bila kuitwa, nami nyuma yake.

"Mbukwenyi, wazee," aliwaamkia Kigogo. "Mafuta gaweni kwa nyumba."

"Kaya yenu ni moja, gawaneni wenyewe," jumbe, mkuu wa kijiji, alimjibu. "Tukianza kuhesabu nyumba hayatatosha."

"Tutapanda mbarika nyingine mpaka mwisho wa korongo. Lakini mtoto hazaliwi kayani, jumbe. Anazaliwa nyumbani. Njoo umsalimie mkwe wangu."

Ilikuwa saa sita mchana. Jumbe alitoka kwenye jua kali, akainama mlangoni, akasimama katikati ya chumba akipepesa macho. Akasikia pumzi kwenye kona, akanyoosha mkono kwa heshima zote.

"Mbukwa, mwanangu. Unaendeleaje na hali yako?"

Aliyeitikia alikuwa ndama. Mama, aliyekuwa amekaa upande wa pili, aliziba mdomo kwa viganja. Mimi nilishindwa kujizuia. Jumbe naye akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Akauliza polepole, "Yule mtoto aliyetangulia ulimpokelea humu?"

Kesho yake neno likabadilika: kibuyu kwa kila nyumba. Wanawake wakapanda kama alivyoahidi, Bibi mbele na jembe lake, akiimba na kutukemea kwa pumzi moja.

Mdogo wangu alizaliwa alasiri moja, ng'ombe hawajarudi malishoni. Kigae chenye mafuta na utambi wa pamba kilikuwa kinawaka ndani. Mimi nilikaa nje, nimeegemea ukuta. Nilimsikia Bibi akisema, "Nimekiona." Kisha mtoto akalia.

Tembe lile halipo tena. Tulihamishiwa huku barabarani. Bibi na Mama walishatangulia, na mbegu za mbarika hakuna anayezikaanga. Mdogo wangu ana mvi sasa na hubishana nami kwa kila jambo, nami namshukuru Mungu kwa kila bishano. Harufu ile naitamani mpaka leo. Umeme nao nautaka, sitajifanya.

Kijana alikuwa bado amesimama, anasubiri jibu. Nikamwonyesha uani: nyumba yangu, za wanangu wawili, na ile ya pembeni yenye kidirisha cha kupitisha ngumi, anamoishi mke wa mjukuu wangu, aliye karibu kujifungua.

"Kaya ni moja," nikamwambia, "lakini nyumba ni nne. Ingia ile ya pembeni ukamsalimie mwenyewe, halafu urudi uniambie kama taa moja inatosha."