Debe la Shangazi

Kila nikisikia harufu ya debe la mafuta ya taa, namkumbuka shangazi. Alikuwa amerukwa na akili, na kutwa alipiga debe kufukuza wadudu ambao sisi hatukuwaona. Baba alimfunga kwa kamba kwenye nguzo ya nyumba.

Siku nzige walipoziba jua kule Katito, baba alimfungua, maana mikono haikutosha. Wote tukakimbilia shamba la mtama tukipiga madebe. Shangazi alitutazama, akacheka kwa furaha.

"Leo na nyinyi mnawaona?"

"Tunawaona, dada," baba akajibu. "Piga!"

Jioni nzige waliondoka, tukaweka madebe chini. Yeye aliendelea kupiga, akituuliza mbona tumeacha, mpaka baba akaja na kamba.