Matanga Bila Maiti

Juzi pale mtaani Kiuu nilimwona kijana amevaa fulana nyeusi yenye ngumi iliyoinuliwa. Nikamuuliza maana yake.

"Ni dizaini tu, mathe," akajibu.

Ngumi hiyo niliijulia utotoni, kwetu mtaani Landless. Baba na wenzake wa kiwandani walikuwa na chama cha siri cha kuipinga serikali, na kwa kuwa mikutano ilikatazwa, walikutana kwetu kana kwamba tumefiwa. Mimi nilidhani ukoo wetu unakufa sana, na nilifurahi, maana matanga yalileta mandazi. Hatua zikisikika nje, waliimba wimbo wa kanisa. Zikipotea, waliinua ngumi kimyakimya.

Mwanzoni viti havikutosha. Alasiri ninayoikumbuka walikuja wawili tu, wengine walikuwa wameshikwa na polisi. Nyumba ilinuka mafuta ya taa na chai ya maziwa.

"Leo nani amekufa?" nilimnong'oneza mama.

"Kunywa chai, mami."

Wiki hiyo baba naye alichukuliwa, hakurudi tena. Mama akabandika ile sufuria kubwa ya chai ya matanga, akapanga viti, akaacha mlango wazi. Chai ilipoa hadi ikafanya utando. Hakuna jirani aliyethubutu kuja kutuimbia.