Kitanda Ambacho Mgeni Hakukilalia

Wiki iliyopita nilishuka kwenye bodaboda pale Ujiji, mbele ya nyumba nilimolelewa, na mlinzi akanielekeza pa kusaini kabla ya kuingia. Nikasaini. Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Unajua, ndugu yangu, zamani nyumba ile ilinuka mawese. Bibi aliyachemsha asubuhi mpaka moshi ukatukereketa koo, kisha akatutuma ufukweni kufuata samaki, migebuka. Kazi yangu ilikuwa kufagia, na chumba cha mbele nilikifagia mara mbili, kwa sababu humo aliwahi kulala kiongozi wetu, enzi alipopita akihimiza watu wadai uhuru. Siku hizo Bibi alikuwa mzazi wa siku nne. Kichanga chenyewe ndiye mama yangu. Babu akamtengea mgeni kitanda, nacho kilikuwa kimoja tu nyumbani. Mgeni akakataa. Alisema mzazi halali chini, akaomba mkeka.

Bibi alitusimulia hayo akichambua dagaa, na kila mara alimalizia, "Ukubwa wa mtu utaujua anapolala."

Nilipokuwa darasa la tano walikuja maofisa. Walisema kwa heshima kwamba nyumba itafanywa makumbusho. Bibi hakubisha, tukahamia Gungu. Ilipofunguliwa, akanishika mkono twende tukaione. Chumba cha mbele kilikuwa kimepakwa rangi, kamba imefungwa mlangoni, na kile kitanda kimetandikwa shuka jeupe. Kibao kilisema hapo ndipo alipolala kiongozi.

Msimamizi, mtu aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa mwingine, alimpa Bibi shikamoo. Bibi akaitikia, halafu akasema polepole, "Mwanangu, hapo nililala mimi na mtoto. Yeye alilala chini, pale karibu na dirisha."

"Nimekusikia, Bibi. Ila wageni wanapenda kuona kitanda."

Bibi alirudi mara nyingi, kwa miguu kutoka Gungu, kusema lile lile. Mwishowe miguu ikavimba, akaacha. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu, "Wamempunguza yule mtu."

Safari hii aliyenitembeza ni binti mmoja mchangamfu. Habari za kitanda alizikariri vizuri. Nikamweleza alivyosema Bibi. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akauliza kama nina karatasi yoyote ya kuthibitisha.

Sina. Bibi tulimzika, kisha mama, na wanangu wako mbali, kila mtu na yake. Tulipokuwa wengi nyumbani hakuna aliyehitaji karatasi; tulilijua jambo lile kama tulivyojua majina yetu. Sasa ninalijua peke yangu, na nimechoka kulisema.

Nikamshukuru binti yule. Mlangoni nilikutana na wanafunzi wakiingia, madaftari wazi, kalamu tayari. Nikawapisha.