Nafasi ya Mvua

Nakumbuka siku ambayo mashua ya kijiji chetu ilipasuka ikiwa bado nchi kavu. Ukitaka kucheka, mwanangu, cheka. Hata mama yangu alicheka, na yeye ndiye aliyekuwa akiisubiri.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa kando ya Ziwa Kitangiri. Kaka zangu wawili, Mkumbo na Msengi, walipewa viwanja, mmoja mwanzo wa kijiji, mwingine mwisho, wakaanza kugombania mama akae kwa nani. Wote walimpenda, hilo silikatai. Ila kusalimiana walikuwa wameacha.

Mvua zilipoanza, mama akajikata mguu kwa jembe, mguu ukavimba. Zahanati ilikuwa ng'ambo, na njia ilikuwa tope tupu. Ikabaki mashua. Mzee Abdala, fundi aliyeiunda, aliwaambia kaka zangu wakaze kamba mbili za mkonge zinazoshikilia mlingoti, moja kulia, moja kushoto, naye akaenda kuleta tanga.

Mkumbo akavuta kulia, mlingoti ukainama kwake kidogo. Msengi, badala ya kusema "legeza", akavuta kushoto kwa nguvu zaidi. Mkumbo naye akamjibu kwa kamba. Mwishowe mlingoti ulisimama wima, mpita njia angewasifu, na kamba ukizigusa zinalia kama zeze. Ndipo mvua ikanyesha. Kabla haijakatika tukasikia ko! Kitako cha mlingoti kilikuwa kimepasua ubao wa chini.

Mzee Abdala alirudi, akaziminya kamba kwa vidole. Hakupandisha sauti.

"Mkonge ukilowa hujikaza wenyewe. Sasa ninyi mmeshakaza yote, mvua mlitaka ikaze nini?"

Mama, mguu wake juu ya gunia, akacheka. "Abdala, hawa hawakufunga mlingoti. Wamenifunga mimi."

Walimlaza kwenye machela, wakambeba kulizunguka ziwa, Mkumbo mbele, Msengi nyuma. Machela haibebwi na watu wasiosemezana. Nikiwa nyuma yao niliwasikia: "Kuna shimo hapo." "Punguza mwendo, kaka." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza tangu tuhamie. Mama alipona, ila tulikuwa tumechelewa, na kuchechemea kwake alikwenda nako kaburini. Liliniuma, na bado linaniuma.

Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lakini kaka zangu hawakuwa fahali, walikuwa wana wema. Kumbe hata wema wakivutana, kuna anayeumia.

Leo nimezeeka mimi. Wewe unanitaka Itigi, dada yako ananitaka Ihanja. Akininunulia blanketi moja, wewe unaleta mawili, na mimi nina mgongo mmoja tu wa kufunika.

Sikwambii uache kuvuta, mwanangu. Kamba ikilegea, mlingoti unaanguka. Nakwambia kabla hujakaza upande wako, muulize mwenzio wa kwake ukoje. Na mkifikia kiasi, komeni. Shida haina hodi, na ikija itakaza yenyewe. Iachieni nafasi.

Jioni ya leo usinipigie simu mimi, mpigie dada yako. Mungu awape mikono inayojua kuvuta na kulegeza, nami anijalie nizikwe na watoto wanaosalimiana.