Malalo ya Chini: Verna Ratliff na Wawindaji Wasiorudi

Jua halijafika bondeni, na Verna Ratliff tayari amepiga magoti kwenye majani makavu. Glovu moja ameivua, kiganja amekilaza chini kama mama anayempima mtoto homa. Mbele yake majani yamebonyea, duara la kumtosha mnyama mzima aliyejikunja. Pembeni yapo malalo mengine mawili, madogo.

"Jike na watoto wake," anasema. "Wamelala hapa jana, jioni wakaondoka. Dume kubwa hakai na familia. Dume ni kama wanaume wa huku, anataka mlima wake peke yake."

Lakini leo Verna hatafuti kulungu. Anamtafuta Arvil Blevins, mzee wa miaka sitini na tisa, aliyetoka nyumbani jana mchana na upinde wake na hakurudi. Usiku ulikuwa wa barafu. Kila mtu hapa Sorrel Fork anajua baridi ya Novemba inamfanya nini mtu aliyelala chini.

Verna ana miaka sitini na miwili na ni mpishi wa shule ya msingi. Kazi hii ya pili hailipwi. Ni ya kujitolea na kikosi cha zimamoto, na shukrani yake ni kikombe cha kahawa, siku nyingine maiti.

Anaitwa kwa sababu wawindaji wa milima hii ya West Virginia wana tabia moja ya ajabu. Mtu atakuazima gari, atakuazima trekta, ukiumwa atakupa figo, ila hatakuambia mti anaokaa juu yake akivizia kulungu. Hamwambii ndugu yake, mkewe ndiyo kabisa. Asiporudi, hakuna ajuaye pa kuanzia.

"Basi mimi naanza na kulungu," anasema Verna. "Wa milimani analala chini kidogo ya mgongo wa mlima, upande uliokingwa. Upepo unamjia kwa nyuma na harufu zote za huko, macho yanalinda bonde. Jua likichomoza, hewa ya chini nayo inapanda, inamletea habari za bondeni. Humwingii kirahisi! Sasa mwenye upinde si mwenye bunduki, lazima asogee karibu, na pa kusogelea si pengi. Nauliza upepo wa jana ulitoka wapi, nasimama kwenye malalo, nasema, ningekuwa mimi ningekaa wapi nisinuswe? Natembea mpaka kwenye mti huo."

Jana upepo ulitoka kaskazini magharibi.

Usiku kucha kikosi kilikuwa juu kabisa, kwenye majabali. Nadine, binti wa Arvil anayeishi naye, alisema baba yake huwinda huko, anakolala dume mwenye pembe za kutisha. Arvil mwenyewe alilitambia hilo kila jioni pale kituo cha mafuta. Kwa hiyo mkuu wa kikosi, Odell Sizemore, hakuona haja ya kumwamsha Verna. Watu walipanda na tochi, wakaita mpaka sauti zikakauka.

Kulipokucha bila kitu, Odell akapiga simu. Verna hakumuuliza habari za dume. Alikata, akampigia Nadine.

"Mwanangu, baba yako bado anapanda ngazi za barazani?"

"Anapanda, Mama Verna. Au... hapana. Tangu kiangazi anaingilia mlango wa jikoni. Anasema viatu vyake vina matope."

"Kiangazi chote vina matope?"

Mlango wa jikoni hauna ngazi za kuumiza goti.

Verna alimrudia Odell, akamwambia ashushe watu wake wote.

"Mama Verna, huko chini ni majike na vitoto tu," Odell akasema. "Mzee Arvil afuate nini huko, maziwa?"

"Odell Sizemore, mimi nimekupakulia chakula tangu huna meno ya mbele. Ulikuwa unaficha karoti mfukoni na kunionyesha sahani tupu. Mimi ndiye wa kudanganywa na wanaume? Shusha watu!"

Hivyo ndivyo alivyofika hapa, kwenye kijitambarare chembamba juu kidogo ya barabara ya changarawe. Mwindaji anayejiheshimu hawezi kukiri kwamba hukaa mahali kama hapa. Verna anasimama, magoti yanalia. Anageuza shavu kuusikilizia upepo, anatazama njia waliyoishika kulungu kwenda kwenye miti ya mialoni, kisha anakata kushoto bila kusema neno.

Arvil yuko chini ya mwaloni wa tatu.

Mkanda wa kiti chake cha mtini umekatika. Mguu mmoja umegeukia upande usio wake, na midomo imekuwa rangi ya risasi. Lakini macho yako wazi, na yanamwona Verna. Verna anamfunika kwa koti lake, anajilaza ubavuni mwake ampe joto, huku akimwita Odell kwa redio.

"Nani mwingine yuko hapa?" Arvil anauliza. Kila neno linamgharimu.

"Huyu mwandishi tu. Nyamaza, mzee wangu, wanakuja."

"Waambie nimejiburuta." Anavuta pumzi. "Kutoka juu. Kama Denzil wako."

Verna anafumba macho, anamvutia koti mpaka kidevuni.

Odell na vijana wake wanafika mbio na machela. Odell anatazama juu mlimani, anamtazama mzee, anavua kofia. "Mungu wangu, mzee Arvil! Umejiburuta mlima mzima huu na mguu hivyo?" Arvil anageuza uso pembeni. Verna anashika pembe moja ya machela, wanashuka. Si mbali; barabara iko hapo chini.

Arvil alifariki hospitalini alasiri ile ile, mkono wake ukiwa ndani ya mikono ya Nadine. Baridi ilikuwa imeshaingia ndani mno. Kabla ya giza, bonde zima lilikuwa na habari: mzee Blevins, mwanaume wa shoka, ameanguka kutoka majabalini na kujiburuta karibu kufika barabarani.

Kesho yake Verna alikuwa jikoni kwake, chungu cha maharage kikichemka bila mtu wa kuyala. Hakuwa amelala. Alianza kusema kabla hajaulizwa.

Denzil alikuwa mumewe, dereva wa lori la mawe. Alikufa miaka sita iliyopita, na kila mtu hapa anajua alivyokufa: alianguka kule juu, akavunjika mgongo, akajiburuta kwa viwiko mlima mzima. Mchungaji aliyasema hayo mbele ya jeneza, na wanaume wazima wakalia.

"Hakujiburuta," Verna anasema. "Hakusogea hata hatua moja. Alianguka pale pale nilipomkuta, kwenye malalo ya majike, chini."

Goti la Denzil lilikuwa limekwisha. Kila akijigeuza kitandani Verna alimsikia akigugumia, na bado alimwamini mumewe alipodai anapanda kileleni. Alipopotea, Verna aliliongoza kundi juu, kwenye malalo ya dume kubwa. Aliusoma upepo sawasawa, akayasoma majani sawasawa, akazunguka huko siku mbili.

"Nilimtafuta kulungu," anasema. "Sikumtafuta Denzil. Mtu ninayemfulia soksi! Nilipomkuta, alikuwa amekula mikate yake yote miwili na kujifunika majani. Unanielewa? Aliishi. Aliishi akinisubiri, na mimi niko huko juu najiona bingwa."

Anaufunika uso kwa kitambaa cha vyombo, analia bila kuona haya, kisha anaendelea. Kabla hajawaita wenzake siku ile, alifanya jambo ambalo hajawahi kumsimulia mtu. Alipanda hatua kadhaa juu ya maiti, akakokota kiatu chake kwenye majani kushuka mpaka miguuni pa mumewe. Akafanya hivyo tena, na tena, mpaka ikawa alama ya mtu aliyejiburuta.

"Niliona watamcheka. Mwanaume kafa akivizia majike karibu na barabara! Wangemcheka hata msibani. Na nani angeugundua uongo huo? Msomaji wa alama huku ni mimi."

Anazima moto chini ya chungu.

"Arvil alibeba jeneza la Denzil. Alisikia yale yote ya mchungaji. Sasa niambie wewe, ningekuwa nimesema ukweli siku ile, Arvil angemficha binti yake goti lake? Mimi ndiye niliyemfundisha."

Siku hiyo hiyo alikwenda kwa Nadine. Wote wawili wanasimulia kilichotokea kwa namna moja, na wote wawili wameruhusu kiandikwe.

Nadine alimsikiliza mpaka mwisho, amesimama, ameegemea sinki. Kisha akauliza swali moja.

"Mtu akiita pale alipokuwa, barabarani anasikika?"

Verna angeweza kusema hapana. Neno moja tu, na binti wa watu angelala usiku ule.

"Anasikika," akasema.

"Nilipita pale na gari usiku ule," Nadine akasema. "Nikienda juu kuwapelekea kahawa. Nikapita tena nikirudi. Nilifunga vioo kwa ajili ya baridi." Akakaa sakafuni palepale. Verna alipoinama amshike, Nadine akamsukuma. "Toka! Toka kwangu, Mama Verna, kabla sijakutamkia neno baya."

Odell naye alipopata habari hakupendezwa. Alimfuata Verna shuleni, kofia mkononi. "Waache marehemu na heshima yao, Mama. Watu wameshafarijika."

"Heshima ya Denzil imeshamuua Arvil," Verna akamjibu. "Unataka imuue nani tena? Wewe na huo mgongo wako unaoukanda kwa siri?"

Odell aligeuka akaondoka. Mwandishi alimwona akitembea kuelekea kwenye gari lake, amekakamaa, mkono mmoja kiunoni.

Siku moja kabla ya mazishi, simu ya Verna ililia. Ni Nadine. Hakusalimia. "Utasema mbele ya watu, kwenye karamu ya wawindaji," alimwambia. "Kama husemi wewe nitasema mimi, na mimi nitalia, hawatasikia kitu."

Jumamosi hii ndiyo karamu hiyo, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Wanaume watakuja na picha za pembe, kutakuwa na nyama ya kulungu na mkate wa mahindi, na uongo wa kila mwaka. Verna ndiye mpishi, kama kawaida. Safari hii amemwomba mchungaji ampe nafasi ya kusimama na kusema kabla ya chakula, maana wakishashiba wanasinzia. Nadine atasimama naye.

Anajua watakaonuna. Wapo watakaosema amemvua nguo mumewe kaburini, na mmoja ameshamrushia maneno hayo dukani. Ameyasikia, yakamuuma, na nia yake iko pale pale.

Hatarajii waume za watu waanze kutaja miti yao. "Hao? Wapi!" anasema, na kwa mara ya kwanza siku hizi anacheka, kicheko kifupi, kisha uso unarudi ulivyokuwa.

"Nataka mmoja tu. Mmoja ainuke mbele ya wenzake wote, aseme goti linamuuma."